Ufunguo wa Hester Pym

Hester Pym alikuwa na miaka thelathini na minane, hana mume, na chumba chake nyuma ya Drury Lane, mtaa wa maigizo jijini London, alikilipia kwa jasho lake la jukwaani. Ufunguo wa mlango aliuvaa shingoni. Wa pili alinipa mimi, mnakili wa maneno ya waigizaji, maana alisema mtu anayeishi peke yake anahitaji mmoja wa kumwamini.

Mwaka 1893 mtunzi mmoja wa michezo ya kuigiza, Bwana Ansell Thorne, alianza kuja kwake kunywa chai. Akauliza hili na lile kuhusu maisha yake, akaandika. Ikatoka komedi: mwanamke ana ufunguo wake, mchumba anamsumbua, na mwishoni anamtoa nje na kufunga mlango.

"Miaka ishirini naozwa kila jioni kabla ya pazia kushuka," Hester aliniambia. "Safari hii nafunga mlango, Lottie. Tena kwa ufunguo wangu mwenyewe."

Kwetu mwigizaji hapewi mchezo mzima. Hupewa vikaratasi vyenye maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwenzake yanayomtangulia. Tulifanya mazoezi wiki tatu, Garrod akiigiza mchumba, na mlango ukafungwa kila siku.

Asubuhi ya siku ya kwanza meneja, Bwana Cutbush, akaniita.

"Nani atalipa kumwona mwanaume akitupwa nje? Mnakilie Garrod mwisho huu mpya. Hester asiambiwe. Akishtuka ndiyo watu watacheka."

"Na Bwana Thorne amekubali?"

"Kauandika yeye. Wewe kazi yako ni kuandika, siyo kusema."

Thorne alikuwa pale pale, anakagua kofia yake. Mnafiki mkubwa yule. Nikanakili. Mchana nikala pai ya nyama kwa Hester, nikaufyata.

Jioni Hester alimwonyesha Garrod mlango. Garrod hakutoka. Alimvua ufunguo shingoni, akautia mfukoni, akasema, "Mpenzi, umechoka kujifanya mwanaume. Twende nyumbani." Akamkumbatia. Hester alifungua kinywa, lakini hakuwa ameandikiwa neno la kujibu. Pazia likashuka. Watu walicheka hadi wakapiga miguu sakafuni, wanawake nao wakiwamo, na hilo liliniuma zaidi.

Nyuma ya pazia Hester hakumtazama Thorne wala meneja. Alimpokonya Garrod kikaratasi chake, akautazama mwandiko.

"Umekula kwangu leo mchana ukijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Wangenifukuza, shoga yangu."

"Usiniite shoga." Akanyoosha mkono. "Mmoja kauchukua Garrod. Huo wa pili nipe."

Niliufungua kwenye mshipi wangu, nikampa.

Komedi ile ilichezwa miezi minne, na Hester alivuliwa ufunguo kila jioni, maana mkataba alishausaini. Mimi hakunisemesha tena. Mpaka leo namtukana Thorne kwa kila anayenisikiliza, lakini mwandiko ulikuwa wangu.