Salamu kwa Jiko

Kwa mama mkwe, kumtuma yeyote kabla ya kumsalimia ni utovu wa adabu, na sheria hiyo haikulegea hata mwanawe alipomletea jiko lisilo na swichi wala mpini, linaloendeshwa kwa mtandao na kutii sauti yake yeye mwenye nyumba peke yake. Kila asubuhi hufuta mikono kwa aproni, hata ikiwa mikavu, akaliinamia kidogo na kulisemesha kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaamshia wagonjwa wodini enzi za uuguzi wake. "Hujambo, mwanangu?" Jiko hujibu halijambo. "Na wa kwenu?" Hujibu kwamba halina jamaa. "Pole sana," huliambia, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia, ndipo huomba maji yachemke.

Jumamosi mjukuu alitimiza miaka sita, na keki ilikuwa bado ndani ya jiko hilo majirani walipoanza kuingia. Mkamwana akanusa moshi. "Mama, liambie lizime, keki inaungua!" Mama mkwe akaweka chini trei ya vikombe, akafuta mikono taratibu. "Hujambo, mwanangu?"

"Mama! Hilo ni jiko!"

"Na wewe ni mkamwana. Mbona nakusalimia?"

Majirani wakaangua kicheko, na mjukuu akadakia kutoka chini ya meza, "Bibi, umesahau wa kwao!" Bibi akauliza, akatoa pole yake bila kupunguza neno, kisha akaomba, na jiko likajizima kwa heshima zote. Adabu ya siku ile iligharimu keki nzima.