Tiketi ya Watoto Wanne

Tangu saa nane mchana simu yangu inaniuliza swali moja tu, na sasa saa kumi inakaribia nami bado sijalijibu. Idadi ya watoto. Kuna kisanduku kidogo cheupe chini ya maneno hayo. Ukiandika namba unaendelea mbele, usipoandika unabaki papo hapo ukitazama picha ya familia inayocheka ndani ya kigari chekundu.

Ni tiketi za bustani moja ya michezo kule Nairobi, yenye mabembea marefu na treni inayoteremka kwa kasi ya kutisha. Tumewaahidi watoto tangu mwaka jana. Kuna tiketi ya kuingia tu, halafu unalipia kila mchezo ndani, na hiyo mume wangu anasema ni ya kukupora polepole. Kuna ya mkanda wa mkononi, kila mtu wake, unacheza mpaka uchoke, lakini bei yake inauma. Halafu kuna tiketi ya familia, wazazi wawili na watoto wanne, iliyoshushwa bei hadi saa kumi na mbili jioni ya leo. Watoto niliowazaa ni wanne. Ila katika nyumba hii yangu ya Kiwanjani, hapa Isiolo, wanaolala ni watano, kwa sababu binti wa dadangu wa Kinna anakaa kwangu akisoma, na huu ni mwaka wake wa tatu.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Asubuhi, akifunga kamba za viatu, alisema kwamba mama yake msichana si anakuja kumchukua leo kwa likizo? Basi tiketi ya familia inatutosha. Hakusema kwa ubaya. Ndiye humsaidia msichana huyo na hesabu zake kila jioni, na humsifu mbele ya wageni. Lakini neno hilo, inatutosha, ndilo linalonizuia. Acha nikueleze sababu, rafiki yangu, kabla dadangu hajafika, maana amepiga simu kusema yuko njiani.

Kiwanjani ya utoto wangu ilikuwa na vumbi zaidi na kuta chache. Asubuhi zetu zilianza kwa harufu ya moshi, kwa kuwa nyanya alifukiza vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya moto kabla hata hatujaamka. Chai ya maziwa ya ngamia ilikuwa na ladha ya moshi huo, na chumvi kidogo, na mpaka leo nikinywa chai isiyo na moshi naona kama kuna kitu kimesahaulika. Baba alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, akishinda mnadani. Sisi tulishinda kwenye foleni ya maji, na mitungi ya manjano ilitugonga miguuni njia nzima ya kurudi.

Jirani yetu alikuwa dereva wa malori ya mifugo. Mkewe alifariki akijifungua, na wakati huo mama yangu alikuwa na kaka yangu mchanga kifuani. Nyanya ndiye aliyevuka ua. Alirudi na kitoto kimefungwa kwenye leso, akakiweka kwenye ziwa la pili la mama, na mjadala ukaishia hapo. Kwa dini yetu, walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawawezi hata kuoana. Basi kile kitoto kikawa dadangu. Alilala kati yangu na ukuta, akaniambukiza surua, akanimalizia mkate wangu. Baba yake akirudi safari alituletea sukari na unga, akamtazama akicheza, kisha akarudi barabarani.

Jambo jingine la kujua ni kwamba nyumbani kwetu watoto hawakuhesabiwa. Mbuzi pia hawakuhesabiwa kwa sauti. Nyanya aliamini kwamba namba ikishatamkwa, husuda imepewa njia. Mgeni akimuuliza mama ana watoto wangapi, mama alijibu, ni hawa Mungu aliotupa, na mgeni mwenye adabu hakuendelea. Jua likizama, nyanya akitaka kujua kama tumerudi sote, alisimama uani akatuita majina mmoja mmoja, nasi tukajibu kutoka popote tulipokuwa. Sikuzote alianza na jina la dadangu. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa ndiye aliyembeba yeye mwenyewe kumleta.

Nilikuwa na miaka tisa watu wa mabembea walipokuja Isiolo. Malori yao yaliingia mchana kweupe, wakazungushia uwanja mabati, na kufikia kesho yake gurudumu kubwa lenye viti vya rangi lilikuwa limeinuka juu ya mapaa ya mji. Hatukuwa tumeona kitu kama hicho. Jenereta yao ilinguruma ikishindana na adhana, na wauza miraa waliacha vibanda vyao wakaenda kutazama.

Pale langoni palibandikwa bei za aina tatu. Tiketi ya mchezo mmoja. Tiketi ya mtoto ya siku nzima. Na tiketi ya familia, mama na watoto wanne, siku nzima. Baba alimwachia mama pesa za mbuzi mmoja, akasema ziwatoshe. Mama alikaa mkekani na punje za maharagwe akizipanga na kuzipangua, mpaka akaamua kwamba atanunua tiketi za mchezo mmoja mmoja. Kila mtoto apande gurudumu mara moja, turudi nyumbani tukanywe chai. Pesa hazikuruhusu zaidi.

Mara moja! Mtoto wa mwenye duka alikuwa amepanda mpaka akatapika, na alitusimulia matapishi yake kwa fahari. Mimi nilijua kitu ambacho mama hakukitamka. Pesa zile zile zingenunua tiketi ya familia, tukapanda siku nzima. Nilijua pia ni nini kilichokuwa kinazuia. Nyumbani hatukuhesabiwa, lakini mimi nilikuwa nimeshahesabu hadi tano, kimyakimya, kwa vidole vya miguu chini ya blanketi, na dadangu akiwa amelala hapo hapo ubavuni mwangu.

Siku yenyewe tulivaa nguo za Idi. Aliyeuza tiketi alikuwa mama mmoja kutoka milimani upande wa Meru, mwenye sweta nzito katika joto lile, na kusema kweli alitaka kutusaidia. Alimwambia mama asipoteze pesa kwa tiketi za mchezo mmoja, achukue ya familia.

"Uko na watoto wangapi, mama?"

Mama alimtazama nyanya. Kisha akasema ni hawa.

Mwuzaji aliinua kalamu, akaanza kutuelekezea. Mmoja, wawili. Nyanya alitanua shuka lake mbele yetu, tukawa nyuma yake kama vifaranga. Kwa Kiswahili chake kidogo akamwambia aweke hiyo kalamu chini. Watu waliokuwa nyuma yetu walianza kunung'unika. Jua lilikuwa utosini. Mwuzaji aliuliza sasa yeye atajuaje, na tiketi ni ya wanne. Nilimwona mama akifungua fundo la leso yake penye pesa, akianza kusema basi atupe za mchezo mmoja mmoja. Gurudumu lilikuwa linazunguka juu ya kichwa changu, watu wanapiga mayowe ya raha, na mimi nikaona siku yangu inaniponyoka.

Nikachungulia nje ya shuka la nyanya. "Sisi tuko wanne," nikasema. "Huyu ni wa jirani."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mama hakunikanusha. Pengine ni aibu ya ile foleni. Pengine ni kusikia namba ikitamkwa mchana vile, na mtoto wake mwenyewe. Mkono wake uliokuwa begani mwangu ulilegea tu. Alipofungua mdomo, dadangu alikuwa ametangulia.

"Mimi naogopa hiyo kitu," alimwambia mwuzaji. "Nitashika viatu."

Alikuwa na miaka saba. Huyo ndiye aliyekuwa akipanda tangi la maji la shule hadi juu kabisa huku mimi nikilia chini. Mwuzaji akachana tiketi. Nyanya alikataa kuingia, akabaki nje naye.

Walitutaka tuvue ndala kabla ya kupanda, zisiwaangukie watu. Kiti chetu kilipofika juu niliuona mji wote, mnara wa msikiti, mnada wa mifugo uliojaa vumbi, na milima ile ya mbali ambayo huonekana kama imelala. Chini, kando ya mabati, niliona dadangu amechuchumaa akipanga ndala zetu. Jozi kwa jozi, kulia na kushoto, akizifuta vumbi kwa kanga yake, ingawa hakuna aliyemwagiza. Kila tulipozunguka nilimwona. Sikuona raha hata kidogo, lakini pia sikushuka. Nilipanda mpaka saa kumi na moja, kwa sababu tiketi ilikuwa ya siku nzima.

Jioni ile nyanya alisimama uani, akaita jina la dadangu. Kimya. Akaita tena. Tulipoingia ndani tukakuta blanketi lake halipo, amevuka ua kwenda kwa baba yake. Nyanya alinitazama, akaendelea na majina yetu mengine kwa sauti ya chini, na mimi nilipoitwa niliitika kwa shida.

Asubuhi alikuja kunywa chai kama kawaida. Mlango wetu ulikuwa pazia tu, alilokuwa akilipita kila siku bila hata kuligusa kwa mkono. Akasimama nje yake.

"Hodi," akasema.

Mama alikuwa akimimina chai, akaacha. Mtoto wa nyumba hapigi hodi, na ukimjibu karibu umekubali kwamba ni mgeni. Tulikaa hivyo, chai inapoa, mpaka kaka yangu mdogo kabisa akacheka, akidhani ni mchezo, akasema karibu. Dadangu akaingia, akakaa karibu na mlango.

Tangu siku hiyo hakuacha. Mama alimbembeleza, nyanya akamfokea, naye aliwasikiliza kwa adabu, na kesho yake akapiga hodi. Hakununa wala hakunilipiza. Tulisoma pamoja, tukasukana nywele, nilimpaka hina siku alipoolewa Kinna. Mama alipofariki, dadangu alifika na macho yamevimba, watu wakampisha njia, na bado alisimama mlangoni pa chumba alimolala mama akasema hodi. Mimi nilikuwa ndani, na sikuweza kujibu.

Sasa unaelewa ni kwa nini nimeshindwa kujaza kisanduku. Mtoto wa dada ni mtoto wangu, Kiswahili chenyewe kinasema hivyo, na msichana huyu huniita mama mkubwa. Huingia nyumbani akirusha kiatu kimoja huku na kingine kule. Sijawahi kumkemea kwa hilo hata mara moja, na wanangu wameshalalamika kwamba nampendelea.

Nilikuwa bado nimeishika simu niliposikia lango la nje likifunguliwa. Kisha sauti ninayoijua.

"Hodi."

Binti yake alipaza sauti kutoka jikoni, mikono ikiwa na unga. "Mama, si uingie tu. Kwani wewe ni mgeni?"

Dadangu alicheka, lakini hakuingia. Nilipotoka nilimkuta ameweka chini kikapu cha mapapai, amechuchumaa kizingitini akipanga viatu vya watoto vilivyotapakaa. Jozi kwa jozi, kulia na kushoto. Nilisimama mbele yake kama mtoto wa miaka tisa.

"Siku ya mabembea," nikasema, "ni mimi nilihesabu."

Hakuinua macho. "Najua. Nilikuwa nimesimama hapo."

Nilimwomba anisamehe. Akageuza kiatu kimoja cha binti yake kitazame upande mmoja na vingine. Nikamwonyesha simu, nikamweleza inavyoniuliza. Nikaandika tano mbele ya macho yake. Maandishi mekundu yakatokea, kwamba tiketi hii ni ya watoto wasiozidi wanne. Nikarudi nyuma, nikachagua mikanda ya mkononi, kila mtu wake, na bei ikaruka kiasi ambacho mume wangu atanuna nacho mpaka shule zifunguliwe. Nikalipa kabla sijaogopa. Dadangu alisoma bei ile, akasema nimekuwa mwendawazimu, na kwamba itabidi nimwambie binti yake mimi mwenyewe, maana alikuwa amemwahidi vitunguu vya kupalilia.

Uwanja wa mabembea siku hizi una maduka ya simu na mabati. Nyanya hayupo, mama hayupo, na vibuyu vya maziwa nimeviona majuzi vikiuzwa kwa wageni kama mapambo ya ukutani. Watoto wangu huhesabiwa kila mahali, shuleni, zahanati, kwenye fomu za kila aina, na hakuna anayesimama uani jioni kuwaita.

Adhana ya magharibi iliposikika leo, nilitoka nikasimama uani. Watoto walinishangaa. Niliita kama alivyoita nyanya, jina moja moja, na la kwanza lilikuwa la dadangu, jina ambalo halikuwa limeitwa uani tangu nyanya aache kuliita.

Halafu akajibu kutoka pale mlangoni, viatu vyake mwenyewe bado viko miguuni.

"Niko," akasema.