Pilea za Dirishani kwa Sindano

Mdogo wangu tulimwita Sindano, kwa wembamba na kwa kazi. Alishona nguo za watu tangu usichana hadi macho yalipomkatalia. Dirishani, kando ya cherehani, alipanga mikebe ya pilea, mmea wa majani ya mviringo kama visahani, kila jani na kikonyo chake. Kila alipobadilisha uzi aliigeuza kidogo, isije ikapinda upande mmoja kwa kufuata mwanga.

Mteja akitaka mmoja, hakumwacha achague kwa tamaa ya macho. "Shoga, ukubwa si uzima. Tazama hapa chini ya shina, kama kuna vitoto vinachungulia. Usipouona navyo, uuache."

Watu walicheka. Yeye mwenyewe alijaliwa mtoto mmoja tu.

Mwana huyo ndiye aliyemwambia, "Mama, inatosha. Gawa cherehani, uje kwangu. Nimekutengea chumba chenye dirisha la jua la asubuhi." Sindano akagawa cherehani, akagawa na mikebe, akabeba mmoja: mama yao wote.

Nilipokwenda kumtazama nilimkuta chumba cha nyuma, kabanwa na masanduku, dirisha hakuna hata la kupitisha nzi. Kile cha jua kimekuwa cha wageni. Pilea ilikuwa sebuleni, imehamishiwa chungu cheupe, imeinamia kwenye viti, maana mwanga ulitoka huko. Mashoga wa mkwewe wanaisifu.

"Mwenzetu, una mkono wa baraka!"

"Wala siihangaikii," mkwe akajibu.

Sindano alikuwa akipita na trei ya vikombe. Akaitua, akakigeuza chungu. Mkwe akainuka, akakirudisha.

"Mama jamani! Majani yatazame watu, yasitazame ukuta."

Kule nyuma nikamwambia, "Funga mzigo, twende kwangu."

"Dada, watu watasema mwanangu kanifukuza."

"Kwani kakuweka?"

Wageni walipoondoka Sindano alikwenda sebuleni, akang'oa kitoto kimoja na mizizi yake, akakifunga kwa gazeti bichi, akanitilia mkobani. "Hiki angalau kikae dirishani," akasema.

Nilikuwa nimeshashika mlango mkwe alipoona gazeti likichungulia.

"Mama mkubwa, hicho si ungeniomba tu? Nimeshawaahidi wenzangu."

Nilifungua kinywa, na nilichokuwa nacho ulimini hakifai kuandikwa. Sindano akaniwahi. Akakitoa mkobani mwangu, akakiweka mezani.

"Nisamehe, mwanangu. Nilisahau kukuuliza."

Alishonea watu mpaka mgongo ukapinda, na sijapata kumsikia akimwomba mtu radhi hata kwa mshono uliofumuka. Akifumua, anashona upya, basi. Leo anaomba radhi kwa mmea wake.

Na mwanawe alikuwepo pale pale kitini, anachezea simu, majani yamemwelekea yeye.