Ukitoka Kwenye Simu, Tupe Habari

Mwanangu, ipo siku moja ambayo siisahau. Nilikuwa na umri kama wako, kabla sijapata diploma yangu Nairobi, kabla sijarudi kujenga nyumba hii ya hapa mtaani Galbet bila harambee ya mtu. Diploma iko ukutani, unaipita kila asubuhi, kwa hiyo sitaieleza tena.

Enzi hizo hatukuwa na simu. Tulikuwa na taar, redio ya upepo katika chumba kimoja hapa mjini. Mtu aliongea na jamaa yake wa mbali, na chumba kizima kikasikia. Kila nikitoka shule nilikaa pale hadi magharibi, nikisikiliza mazungumzo yasiyonihusu. Kama wewe na video zako.

Baba alipojua, aliapa kunitoa shuleni nikachunge. Mbuzi walikuwa wamekonda kwa ukame, na kesho yake alitaka kuwahamishia Habaswein. "Masikio ameyakodisha mjini," alisema. "Basi miguu yake naichukua mimi."

Eedo, dada yake baba, alikuwa akimimina chai. Akamwambia taratibu, "Ndugu yangu, huyu kila siku anatoka mbali. Tangu lini mtu wetu akafika nyumbani tusimuulize habari?"

Akanigeukia. "Warran?" Yaani, hebu tupe habari.

Nikazitoa zote nilizosikia kwenye taar, kama msafiri anavyofanya: mvua, malisho, visima, magonjwa. Habaswein watu walikuwa wakilala visimani wakingoja zamu. Bura mvua ilikuwa imenyesha; nilikuwa nimesikia mama mmoja wa huko akimkataza mwanawe kuuza mbuzi, kwa kuwa nyasi zimerudi. Baba akamaliza chai yake. Alfajiri akawaswaga mbuzi kuelekea Bura, na mimi nikaenda shule. Mbuzi hao ndio walionilipia karo. Akili ilikuwa yangu mwenyewe.

Sasa jana ulikaa na simu tangu alasiri. Nilipokuuliza una habari gani, ukanijibu mimi baba yako, "Hakuna, aabo." Umezunguka dunia nzima ukiwa kwenye mkeka, mwanangu, ukarudi mikono mitupu?

Simu sikunyang'anyi. Ningekuwa wa umri wako leo, ningekushinda kwa kuitazama. Ila ukiishika, sikiliza kama mtu anayengojewa nyumbani. Tuletee kitu kitakachomfaa mtu, kisha keti utusimulie, nasi tutaacha shughuli zetu tukusikilize. Mwenyezi Mungu ayahifadhi macho yako, ayafungue masikio yako, na kila unakokwenda akurudishe kwetu na habari njema.