Mpango wa Biashara Niliouandika Neno kwa Neno

Ninawapikia wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi bukari, yaani ugali, na samaki. Juzi niliiomba kamati ya mikopo msaada wa kupanua kibanda changu, nikaambiwa nilete mpango wa biashara. Nikamwendea tata mmoja, mzee anayewachapia watu barua karibu na soko. Nilimkuta akimalizana na seremala aliyetaka mpango kama wangu, nami nikamweleza mambo yangu yote. Kesho yake alinikabidhi karatasi zilizobanwa vizuri, jina langu juu kwa herufi nene. Jina lilinipendeza mno hata sikufungua ukurasa wa pili.

Mbele ya kamati nikajigamba: "Mi mwenyewe niliandika, neno kwa neno."

Mama mwenyekiti akavaa miwani, akasoma kidogo. "Mama, kwa batoto unafanyaka namna gani?"

"Batoto nabafanyiaka bya kidogo, mama."

Wote wakainamisha vichwa. Sikuelewa. Kwani watoto wa Kolwezi hawali?

"Na kipimo?"

"Kwa macho tu. Mutu nikimuangalia, najua bya kumutosha."

Tata mmoja wa kamati akafanya ishara ya msalaba. Nikazidi kuchanganyikiwa, na mimi nikichanganyikiwa huongea sana. Nikasema wachimbaji ndio wateja wangu wakubwa, na kila asubuhi namwomba Mungu awaongeze.

Mama mwenyekiti akanisukumia karatasi zangu.

"Utusomee ukurasa wa tatu, mama."

Nikasoma kwa sauti, kwa fahari: "Majeneza yetu ni ya mbao ngumu, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika."