Pikipiki Unayoitaka na Nyumbu wa Kaka Milinga

Siku ile baba mkubwa Mgaya aliponisimamisha ubavuni mwa punda na kunipima naikumbuka kuliko siku niliyooa. Jana imenirudia, mwanangu, ulipokuja hapa Ruhuwiko na habari ya pikipiki ya kubebea mizigo ya wakulima wa Namtumbo. Shikamoo yenyewe uliitupa ukiwa bado mlangoni. Ukanieleza kuwa ni kubwa, nyekundu, ya yule Mzungu wa tumbaku anayerudi kwao, na ikiwashwa Bombambili nzima inageuka kutazama. Nikakuuliza kama umewahi kuendesha pikipiki. Ukasema baiskeli umeendesha tangu utotoni. Mimi nikatikisa kichwa, wewe ukanuna, ukaaga. Leo kaa. Chai ipo, na babu yako hana haraka ya kwenda popote ila kule tunakokwenda sote.

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, mimi nilikuwa kijana ambaye ndevu zimeanza kumdanganya kuwa ni mwanamume. Baba yetu Wadachi walikuwa wamemnyonga pamoja na wakubwa wengine. Mashamba waliyachoma, na maghala wakayachoma na nafaka ndani. Mama alikimbia na wadogo zetu wawili kwenda kwa ndugu zake, upande wa Namtumbo, ng'ambo ya mto Luegu. Huko walikula mizizi, na mizizi ilipoadimika wakala majani. Mimi na kaka yangu Milinga tulibaki huku Songea kwa baba mkubwa Mgaya, kaka yake baba. Wewe njaa unaijua ya kuchelewa kula. Ile ilikuwa njaa ya kumtazama mtu na kujua kuwa kesho hayupo, na Mungu akuepushe nayo.

Baba mkubwa Mgaya kazi yake kabla ya vita ilikuwa kukata ngao. Sisi Wangoni ngao hatukuigawa kama kofia. Kijana alisimama wima, fundi akampima toka ardhini hadi kidevuni, kisha akakata ngozi ya ng'ombe kwa kipimo hicho. Ngao ikizidi kidevu inakuziba macho, na kwenye mbio inakupiga magotini. Hata mtoto wa mkubwa hakupewa ngao ya baba yake mpaka mwili wake uifikie. Kaka Milinga alikuwa mzaliwa wa kwanza, na ngao ya baba aliitamani sana. Alipimwa mbele ya wenzake, ngao ikamfika machoni, akarudishwa nyuma. Wenzake walimcheka. Kabla hajaongezeka kimo vita vikaja, na Wadachi wakazichoma ngao zote. Aibu ile haikumtoka. Nadhani hata usingizini alikuwa nayo.

Basi bomani wakatangaza kazi. Wapagazi wengi walikuwa wamekufa, na Wadachi walitaka vijana wa kupanda wanyama na kupeleka vifurushi kwenye vituo vya mashariki. Kijana akikubaliwa, alipewa mfuko wa mtama wa kupeleka kwao kwanza, kisha aripoti kazini. Mtama, mwanangu. Siku zile ungeniambia nimbebe fisi mgongoni kwa mtama ningembeba.

Zizini tuliambiwa kila mtu achague mnyama wake. Walikuwepo punda wachache, wadogo na wapole, na nyumbu mmoja wa kijivu, mtoto wa punda na farasi, mrefu, ambaye bwana mmoja wa bomani alikuwa akimpanda kabla homa haijamuua. Nyumbu yule alikuwa na tandiko la ngozi na vikuku vya chuma vya kutilia miguu. Kaka Milinga alipomwona tu nilijua amekwisha kuchagua. Punda kwetu alikuwa mnyama wa kubeba mizigo ya wasafiri wa pwani. Mtoto wa mwanavita kukaa juu ya punda, miguu ikining'inia karibu na vumbi, ilikuwa kichekesho.

Baba mkubwa alikuwa amekuja nasi. Alinivuta mimi kwanza, akanisimamisha karibu na punda mmoja, akatazama bega la mnyama lilipofika kifuani kwangu. Akaniambia nipande mwenyewe, nishuke mwenyewe, nimtembeze, kisha nimsimamishe. Nikamsimamisha. Akasema, "Huyu ni wako." Nami nikukirie ukweli, sikuchagua kwa hekima. Nilimwogopa nyumbu, basi.

Kisha akamgeukia kaka. "Milinga, panda huyu wa kijivu mwenyewe."

Kaka akajaribu, akashindwa. Mtumishi wa zizi akamsukuma toka chini, akafika juu. Nyumbu akaenda alikotaka, akazunguka zizi, akasimama alipochoka. Kaka alikuwa anacheka kwa furaha, na mimi nilimwonea wivu, maana kwa kweli alipendeza. Ni kama nilimwona baba yetu juu ya mnyama yule.

"Shuka, mwanangu," baba mkubwa alisema. "Mnyama usiyeweza kumsimamisha si wako. Wewe ndiye wake. Chukua punda mwaka huu. Mwakani, ukishajua kupanda, mchukue huyu."

Kaka akamjibu neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Ninyi wazee ndio mliotuambia tunywe maji. Mkasema risasi zitageuka matone. Baba alikunywa. Leo mnataka tuwasikilize tena?"

Wazee wetu walikuwa wametupa dawa ile kwa nia njema, na makaburi yalikuwa kila upande. Baba mkubwa aliinama kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni kweli. Yale niliambiwa na mtu mwingine, nikayaamini, nikayapitisha kwenu bila kuyapima. Hili nimelipima mwenyewe, hapa, mbele ya macho yako. Usiniamini mimi. Jaribu kumsimamisha tu."

Kaka hakujaribu. Mtama tulipewa mfuko mmoja, maana sisi ni wa nyumba moja; akaufunga nyuma ya tandiko lake, tukaondoka kwenda kwa mama.

Siku ya kwanza nyumbu alitii kwa kuwa njia ilikuwa tambarare na sisi hatukuwa na haraka. Kaka akanitania njia nzima, akaniita mwanamke wa pwani, akanipita, akanisubiri mbele, akanipita tena. Kesho yake tukaanza kuteremka kuelekea Luegu. Pale palikuwa na kijiji kilichochomwa, na fisi walikuwa wamezoea kukaa kwenye magofu mchana kweupe, maana waliokufa hawakuwa na wa kuwazika. Fisi mmoja akatoka ukutani. Punda wangu alisimama na kugoma, akakita miguu kama mbuyu. Nyumbu akaruka.

Kaka alifanya kila kosa ambalo mgeni hufanya. Alipiga kelele, akambana mnyama tumboni kwa visigino, akavuta hatamu upande mmoja. Nyumbu akashuka mlima mbio. Nilimwona kaka akiinama, akiteleza, kisha mguu wake ukanasa kwenye kikuku cha chuma na yeye yuko chini. Mnyama aliendelea kukimbia. Mimi nilishuka kwenye punda, nikakimbia kwa miguu, nikiita jina lake.

Nilimkuta karibu na mawe ya mtoni, mguu umechomoka kwenye kikuku na nyumbu ameshapotea. Alikuwa bado anapumua. Hakusema maneno mengi, mwanangu, wala ya busara. Alisema, "Mtama umemwagika." Kisha akaniomba maji, na nilipoyaleta mikononi hakuwa na haja nayo.

Nilimfunika kwa mawe kadiri nilivyoweza, kwa ajili ya wale fisi. Kisha nikarudi juu ya mlima nikiokota mtama. Ulikuwa umetawanyika njia nzima alipoburutwa. Ule uliokuwa safi niliurudisha kwenye mfuko, ambao ulikuwa umedondoka njiani. Ule wenye damu niliuacha. Nikatembea kidogo, nikawakumbuka wadogo zangu, nikarudi nikauchukua nao.

Mama aliniona kwa mbali nikija na punda mmoja, bila kaka. Aliupokea mfuko, akaufungua, akatazama ndani. Akaenda kuuosha mtama, akayamwaga maji, akauosha tena, akautwanga, akapika uji. Wadogo zangu wakala, na mimi nikala, na yeye akala, machozi yakidondokea kwenye kata. Njaa haingoji matanga. Kesho yake ndipo ndugu zake walipokwenda nami kumzika kaka.

Msibani mtu mmoja alisema sikio la kufa halisikii dawa. Mama akamwambia anyamaze. Akasema, "Sisi dawa tuliisikia sana, ndiyo iliyotumaliza. Mwanangu hakukosa masikio. Alikosa mtu wa kumwamini." Baba mkubwa Mgaya alikuwepo, maana nyumbu alirudi bomani mwenyewe na tandiko limegeukia tumboni, naye alipomwona hivyo akatembea usiku na mchana kutufuata. Maneno yale aliyapokea bila kujitetea. Aliishi miaka mingi baadaye, lakini sikumsikia tena akimwambia kijana, "Fanya hivi kwa kuwa nimesema."

Kwa hiyo, mwanangu, nami sikuambii uniamini kwa ajili ya mvi. Nenda kwa huyo Mzungu, ukajipime. Ikalie pikipiki, uone kama nyayo zako zote mbili zinakanyaga chini, nyayo, si ncha za vidole. Ilaze ubavu, kisha iinue peke yako, bila rafiki wa kukusukuma. Ikikushinda kwenye uwanja wake mkavu, je, kwenye tope la Namtumbo masika, na wewe una mizigo ya wakulima nyuma? Jifunze kuisimamisha kabla hujajifunza kuikimbiza, na ukienda kununua uulize breki kwanza, habari za mwendo baadaye. Ukiona imekushinda, tafuta ndogo, nyepesi, hata kama ni kuukuu, hata kama vijana wa Bombambili watakuita mwanamke wa pwani. Ipande mwaka mzima, uanguke nayo mahali pa kuanguka pole. Mwenda pole hajikwai, na akijikwaa huinuka. Kubwa utazikuta bado zipo. Na ukiona umeimudu hiyo nyekundu, unaisimamisha utakapo, basi ichukue, sitasema neno, nitakuja kuiona.

Mungu akutangulie njiani, akupe mkono mzito kwenye breki na mwepesi kwenye majivuno. Akuepushe na kicheko cha wenzako kinachoua. Na habari zako, kila jioni, mama yako asiletewe na mtu mwingine ila wewe mwenyewe. Amina.