Sabuni Tuliyoenda Nayo Kitale

Mwezi jana nilirudi nyumbani Karurumo kutayarisha gari la Baba, lile Pijo la zamani la rangi ya maziwa. Baba alitaka Desemba hii awapeleke wajukuu Kitale, kama alivyokuwa akitupeleka sisi kwa nyanya. Fundi akafungua breki, akachungulia, akainua kichwa.

“Madam, hii gari ilikuwa inawekwa maji kwa breki? Ndani yote ni kutu.”

Nilicheka. Halafu nikakumbuka sabuni. Wacha kicheko kinikauke! Nilikaa chini kwa nyasi.

Unajua, kwetu siku ya kutayarisha gari ilikuwa sikukuu. Mama alichemsha mahindi na maharagwe, githeri ya njiani, kaka zangu wakafunga gunia la ndizi kwenye keria juu ya paa la gari kwa mipira ya tyubu kuukuu. Baba, mwalimu asiyependa haraka, alisugua plagi kwa msasa na kujaza rejeta maji, shati lote likinuka petroli. Mimi nilikuwa na kazi moja tu: kukwaruza kipande cha sabuni ya kufulia kwenye maji moto na kukoroga mpaka iyeyuke. Baba aliyachuja maji yale kwa kitambaa, akayamimina mahali fulani chini ya boneti. Nilidhani gari linaoshwa tumbo kabla ya safari, maana hata sisi tulikuwa tunasuguliwa kwa beseni siku hiyo. Na nilivyojivunia kazi yangu, jamani! Nilikuwa nawaringia kaka zangu.

Kumbe nilikuwa nakoroga breki. Mungu wangu! Watoto watano nyuma, Mama mbele na mdogo wetu mapajani, tunateremka ukuta wa Bonde la Ufa katikati ya malori, na kinachotuzuia ni maji ya sabuni! Si mara moja, kila Desemba!

Nilimfuata Baba pale barazani, chai yake mkononi.

“Baba, ulijua ile sabuni ni hatari?”

“Nilijua. Mafuta ya breki hayakuwa yanapatikana hapa. Mafundi wote walikuwa wanatumia hiyo.”

“Na Mama?”

“Alijua pia. Alitaka mmuone mama yake kabla hajafa.”

Mama tulishamzika, siwezi kumgombeza wala kumshukuru. Nilikasirika, nikalia, nikakasirika tena.

Sasa breki ni mpya na tutaenda. Lakini nilimwambia Baba wazi kwamba watoto wangu hawatapanda gari akiwa yeye dereva, nitaendesha mimi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa vita, maana mzee huyu hakuwahi kumwachia mtu usukani ule, hata kaka zangu wakubwa. Akaingiza mkono mfukoni polepole, akanipa ufunguo, akarudia chai yake.

Laiti angebisha, hata kidogo tu.